Doa la Kangambili

Nikiona kangambili, mkono wangu wa kulia huenda wenyewe nyuma ya gauni kupapasa. Juzi nilikuwa nachuma bamia kwenye kibustani changu nyuma ya jiko, nikainua jani moja nikawakuta wawili, wekundu wenye alama nyeusi mgongoni, wameshikana nyuma kwa nyuma, mmoja anatembea mbele na mwenzake anaburutwa kinyumenyume kama mtoto anayekataa shule. Nilimponda mmoja kwa kidole gumba. Harufu yake ilipopanda, mkono ulikuwa umeshafika nyuma. Mimi bibi mwenye wajukuu, niliyepumzika na mambo hayo zamani, nimesimama katikati ya bamia najikagua kama binti wa darasa la tano. Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikaniishia.

Wenzangu mliokulia vijiji vya pamba mnamjua mdudu huyu. Sisi tulikuwa Nyamahanga, upande wa Biharamulo. Baba alikuwa Mhangaza wa Murusagamba, kule Ngara karibu na mpaka wa Burundi. Alifuata ardhi, akaoa kwa Wasubi, akabaki. Mama ndiye alikuwa mwenyeji. Vijiji vya ujamaa vilipoanzishwa tulitolewa kwenye migomba yetu tukapangwa kwa mstari kando ya barabara, na majirani zetu wakawa Wasukuma waliotoka Shinyanga na ng'ombe wao. Hao ndio waliokuwa wanaijua pamba. Sisi tulijua ndizi na maharage, na tulikuwa tukiitazama pamba kwa mashaka, maana ni zao ambalo mtu akishindwa kuliuza hawezi hata kulila. Lakini shamba la kijiji likawa la pamba, ikabidi tujifunze.

Mama alijifunza kuliko wote. Pamba ikishachumwa huchambuliwa kwa mkono: nyeupe isiyo na doa huitwa safi, na yenye madoa ya njano au ya kahawia huitwa fifi. Wanunuzi waliidharau fifi, na ikichanganyika na safi, gunia zima linashushwa hadhi. Mama alikuwa na jicho. Mkutano wa kijiji ukamchagua kuwa mkaguzi wa akina mama, na hakuna kikapu kilichoingia ghalani kabla hajakipekua mpaka chini. Akikuta fifi kiganja kimoja tu, anakirudisha kikapu kizima.

"Mayu, jicho lako hili litatuua," jirani yetu wa Kisukuma, Mama Shija, alimwambia siku moja, akimwita mama kwa lugha yake huku akijipangusa jasho.

"Litakuua wewe unayechambua huku unapiga hadithi," mama alimjibu. "Rudia."

Wanawake walimheshimu, ila sidhani kama walimpenda. Mimi nilijivuna. Nilikuwa mtoto wa mkaguzi, na jina lake mama lilikuwa jina langu: Mama Adela.

Wanaoleta fifi ni kangambili. Kwa hiyo msimu wa vitumba kupasuka, shule nzima tulishuka shambani na makopo yenye maji na mafuta ya taa kidogo, tukawa tunawaokota na kuwatumbukiza humo. Bwana shamba, kijana mmoja mwenye baiskeli na kofia ya pama, alikuja kutufundisha kwanza. Alichuma kitumba kibichi, cha kijani, kizuri, akatuzungusha nacho kila mtu akitazame. Akauliza kina kasoro gani. Tukasema hakina. Akakipasua kwa kisu, na ndani pamba ilikuwa imeoza, ina rangi ya chai.

"Mdomo wake ni sindano," alisema. "Anatoboa, anafyonza, anaondoka. Tundu hutaliona. Nje kitumba kizima, ndani kimekwisha haribika. Utakuja kujua siku kinafunguka." Kisha akatuambia kwamba ukiwaua leo usidhani umemaliza, kwa sababu wameshataga, na baada ya wiki kadhaa watoto wao watatoka na kazi itaanza upya. Mwalimu akaongeza lake: pamba hii ndiyo sare za askari wetu na bandeji za majeruhi wetu, na anayeichafua anamsaidia adui.

Hilo la bandeji liliniingia, kwa sababu baba alikuwa vitani. Alikuwa mgambo. Lori lilisimama mbele ya ofisi ya kijiji, wanaume wakapanda, baba akamrushia mama mkanda wake wa suruali wa ngozi, kwamba huko watapewa mingine. Ndivyo alivyoaga. Baada ya hapo kijiji kikawa cha wanawake, wazee na watoto, na pamba yote ikawa juu yetu. Usiku nilimwomba Mungu amlinde baba, na nikashindwa kumwondoa akilini akiwa amefungwa bandeji nyeupe iliyotoka kwenye shamba letu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Tulikuwa tumepumzika, nimekaa juu ya lundo la magugu tuliyong'oa, nikahisi kitu kinatambaa pajani. Nilipokung'uta gauni akadondoka kangambili, na wenzangu wakacheka. Jioni, nikiwa naoga nyuma ya nyumba, nikaona damu.

Sasa mniambie mngefikiri nini. Hakuna aliyekuwa amenieleza lolote. Kwetu mama hamwelezi bintiye habari hizo. Ni kazi ya shangazi, dada yake baba, na mama anayeisogelea anajivunjia heshima yeye na mtoto. Shangazi yangu alikuwa Murusagamba, na magari yote yalikuwa yamechukuliwa kwenda vitani. Wasichana wakubwa walikuwa wanajua, lakini walinong'onezana wao kwa wao, ukifika wananyamaza. Wazee husema mficha uchi hazai. Sisi tulificha, na bado tulizaa, ila tulizaa tukiwa wajinga.

Kwa hiyo nilijieleza mwenyewe, kwa elimu niliyokuwa nayo. Kangambili alikuwa amenitoboa. Tundu halionekani, kama alivyosema bwana shamba. Nje nilikuwa mzima, ndani nimekwisha haribika. Nilichana kipande cha shuka kuukuu, nikajifunga, nikakaa kimya. Baada ya siku chache damu ikakoma nikadhani nimepona, nikaimba njia nzima kwenda shule. Wiki kadhaa zikapita, ikarudi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu bwana shamba alikuwa amelisema hilo pia. Mayai yalikuwa yameanguliwa.

Nilijua kinachowaua. Nilichukua kizibo cha chupa nikakijaza mafuta ya taa, nikanywa. Nilitapika mpaka nikadhani moyo unatoka. Mama alinikuta nimejikunja karibu na mafiga, akaninusa mdomo, akaitazama chupa. Mafuta ya taa siku zile yalikuwa ya kutafuta kwa tochi, na nilitegemea kipigo. Hakunipiga. Alininywesha maziwa aliyoyaomba kwa Mama Shija, akanikalia pembeni, akaniangalia namna ambayo hajawahi kuniangalia.

"Adela, una nini?"

"Sina kitu, mama."

Baadaye alisema, akitazama ukuta, "Barabara zikifunguka utakwenda kwa shangazi yako."

Mama alikuwa ananipa tumaini. Mimi nilisikia kingine kabisa. Nilikuwa nimemwona akichambua pamba miaka yote ile ya kijijini, na nilijua akikuta yenye doa anaifanyaje: anaitoa, anaipeleka kando. Jicho lake lilikuwa limenifikia.

Tangu siku hiyo niliacha kugusa safi. Jioni tulipokaa ukumbini nyumbani kuchambua, nilisogea upande wa kikapu cha fifi nikabaki huko huko. Nilinawa mikono mara nyingi. Nilikuwa nikipenda sana kazi ya kushindilia pamba ghalani, kila mtoto wa kijiji kile aliipenda: unapanda juu ya rundo linalofika karibu na paa, unarukaruka ili ishuke, unazama mpaka kiunoni, ni raha ambayo godoro la sponji halijawahi kunipa. Niliiacha pia. Nikiitwa nasema mguu unauma.

Lakini ikafika siku ambayo lori la kubeba pamba lilikuwa linategemewa kesho yake, na kila mtu aliitwa. Akina mama walipanga foleni na mizigo yao, mama yangu mlangoni akikagua, kisha wanapanda ngazi kumwaga juu ya rundo. Mama naye alipanda kumwaga ya kwetu. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mmoja mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, akapiga makofi, "Watoto wote juu."

Nilisema mguu unauma. Mzee mmoja wa mizani akacheka, akaninyanyua kwapani akanirusha juu ya pamba.

Nilikaa pale pale nilipoangukia, sikuruka. Nilibana miguu. Wenzangu walikuwa wanapiga kelele na kuzama na kuibuka, mimi nimekaa kama kuku anayeatamia, nikiomba muda uishe. Nilipohisi kile nilichokuwa nakiogopa, nilijiburuza pembeni hadi kwenye kona ya ukuta. Na msichana mmoja akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Hapa pana damu."

Mwenyekiti alipanda ngazi akatazama, akashuka. Watu wazima wote walielewa. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba walielewa, na kwamba wanaume waliona haya kuliko wanawake, na haya ya mwanaume mwenye cheo hugeuka hasira.

"Nani amekaa pale?" aliuliza. "Pamba hii ni ya askari wetu. Waume zenu wako kule. Nani?" Akaona hajibiwi. "Basi, watoto washuke wote, wasichana wasimame mstari, wageuke."

Sijawahi kuwa karibu na kifo kama dakika ile, na nimezaa mara nyingi na nimepata malaria ya kichwa. Niligandamana na ukuta. Wasichana walianza kushuka mmoja mmoja.

"Waache watoto, Mwenyekiti," mama alisema kutoka mlangoni. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilipanda kumwaga pamba nikakaa pale kupumzika. Ni mimi niliyechafua."

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyecheka kwa pua. Mwenyekiti alimtazama mama, akatazama chini. "Mama Adela," alisema. "Mkaguzi mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Mbele za watu wazima unasema hivyo."

"Umeuliza, mzee, nimejibu."

Mwenyekiti akasema ukaguzi atapewa mwingine kuanzia siku ile, na mama aitoe pamba ile kwa mkono wake aipeleke kwenye fifi, watu wote wakiona. Mama alipanda ngazi. Aliikusanya pamba yenye doa, kidogo sana, haikujaa hata viganja viwili, kisha akanigeukia kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. "Adela, njoo unisaidie. Jifunge kibwebwe kwanza, tunafanya kazi." Alivua kanga yake ya juu akanizungushia kiunoni, akaikaza kwa nguvu. Tukashuka. Tukavuka ghala zima, yeye mbele na pamba viganjani, mimi nyuma yake na kanga yake. Kanga yake ya chini ilikuwa safi kabisa, na kila mwanamke pale alikuwa na macho.

Tulipofika kwenye mgomba wa kwanza wa nyumbani, nilishindwa kuvumilia.

"Mama, ni kangambili."

Alisimama. "Kangambili gani?"

"Amenitoboa. Nimekuwa fifi. Nilikunywa mafuta ya taa lakini hawafi, wanazaana."

Mama alikaa chini, pale pale kwenye vumbi la njia, mtu aliyekuwa hawezi kukaa hata kwenye mkeka bila kuukung'uta. "Nani amekwambia hivyo?"

"Bwana shamba."

"Bwana shamba alikuwa anasema habari za pamba, mwanangu." Nilimwona akitafuta maneno na kuyakosa. Mwanamke aliyetoka kusema ghalani, mbele ya wanaume, jambo ambalo hakuweza kuniambia mimi tukiwa wawili. "Wewe si mgonjwa," alisema hatimaye. "Huna mdudu. Mengine atakwambia shangazi."

Jioni ile nilikuta kifurushi chini ya mto wangu, kimefungwa kwa kipande cha kanga, pamoja na kamba laini ya kujifungia. Nilikifungua nikakuta pamba. Nilijua mahali pa kupata pamba nyumbani kwetu: kikapu cha fifi kilikuwa pale ukumbini, hakuna ambaye angeuliza. Niliigeuza, nikaichambua uzi kwa uzi kwenye mwanga wa mlango, kama alivyonifundisha. Ilikuwa safi. Nilitafuta doa hata moja sikuliona, na hapo ndipo nilipolia.

Kesho yake, kisimani, mtu alimwita mama yangu Mama Fifi. Kufikia mwisho wa wiki lilikuwa jina lake. Wale aliowarudishia vikapu walilitamka kwa raha, na wengine walilitamka kwa kuwa wengine wanalitamka. Jina langu lilibanduliwa kwake, hilo likabandikwa. Watoto shuleni walilitungia wimbo wa kurukia kamba. Na mimi niliruka kamba. Niliona haya kwa ajili ya mama, halafu, Mungu anisamehe, niliona haya kwamba ni mama yangu. Nilikuwa nikitembea nyuma yake hatua kadhaa tukienda kanisani, ili anayemwita asiniunganishe naye. Yeye aliitwa, aliitika. "Mama Fifi!" "Bee." Bila kununa, kama ndilo jina alilobatizwa. Baba aliporudi, amekonda lakini mzima, hana bandeji popote, alilisikia akauliza. Mama akamwambia ni majina ya shambani.

Barabara zilipofunguka nilipelekwa Murusagamba. Shangazi alinikalisha kwenye migomba yake, akanieleza yote kwa Kihangaza, bila haraka, akicheka alipofika kwenye kangambili mpaka akajifuta machozi. Nami nilicheka, ili nionekane mkubwa. Lakini kadiri alivyokuwa anaeleza, akili yangu ilikuwa ghalani. Mpaka siku ile nilidhani mama alijitwika kosa la kuchafua pamba. Kumbe alikuwa amewaambia wanaume wa kijiji habari ya mwili wake, habari ambayo haikuwa hata yake. Na nilielewa pia lile jina. Wenye kulitunga hawakukosea kitu. Walimwita Mama Fifi, na katika akili yangu ya wakati ule fifi alikuwa nani kama si mimi.

Niliporudi nilikusudia kumwambia kitu. Nilikusudia pia nilipoolewa, na nilipojifungua, na kila likizo niliyokwenda na wajukuu zake. Tulizungumza bei ya maharage.

Tulimzika mwaka jana, pale pale Nyamahanga. Matangani, vijana waliotoka mijini waliuliza kwa nini wazee wanamwita marehemu jina lile la ajabu. Mama Shija yupo bado, hana meno, anatembezwa na kitukuu. Ndiye aliyeanza kuwahadithia. Akasema habari ya mkaguzi mkali, ya vikapu vilivyorudishwa, watu wakacheka, akafika ghalani, akafika kwenye mwenyekiti anauliza ni nani. Hapo akageuka. Macho yake yana ukungu, lakini yalinitafuta pale mkekani yakanipata, na nikaona kwamba anajua, na kwamba amejua siku zote.

"Sasa nani alichafua, bibi?" kijana mmoja aliuliza.

"Ni yeye mwenyewe, marehemu. Alisema mwenyewe," Mama Shija akajibu. "Adela, mwanangu, mbona hunywi chai?"

Nikanywa chai. Wakaendelea na hadithi nyingine. Nilipoinuka kwenda kuosha kikombe, mkono wangu ulikwenda nyuma ya gauni, ukapapasa, mbele ya waombolezaji wote. Hapakuwa na kitu. Mama Shija akainamisha kichwa, akajifanya hajaona.